Matanga ya Mjomba Asiyezaliwa

Jumamosi hiyo Asiya hakuhitaji kumwambia Candide ainamishe kichwa. Kwa kawaida alipomsuka, yeye aliketi kwenye kiti cha sebuleni na Candide kwenye kigoda mbele yake, na kila mara ilimbidi amsukume kisogo kwa kidole gumba, maana Candide alikuwa mrefu na shingo yake haikupenda kuamrishwa. Siku hiyo kichwa kilikuwa kimekaa pale pale kinapotakiwa. Asiya alikuwa amefika nusu ya kichwa ndipo akatazama chini. Miguu ya kigoda ilikuwa imeingia sakafuni, na ya Candide pia, hadi vifundoni.

"We, unazama," Asiya alisema.

"Ego. Tangu wiki ile imepita. Usinivute sana hapo ku sikio."

Asiya akalegeza mkono, akaendelea kusuka. Sementi haikuwa na ufa wowote. Ilikuwa imempokea Candide kama ugali unavyopokea mwiko, kisha ikajifunga kumzunguka, safi kabisa.

Ulikuwa mwaka wa pili wa embargo, nchi jirani zikiwa zimefunga mipaka na biashara, na nyumba ya kina Candide ilikuwa mtaa wa Ngagara, kartiye ya tano. Majirani walipopata habari walisema ni sementi ya siku hizi, inachanganywa na majivu. Mzee Jovithe, aliyekuwa mwashi, akaja na nyundo yake, akagongagonga sakafu kutoka ukuta hadi ukuta, akaondoka amekasirika. Nyumba hiyo ilijengwa wakati wa Wabelgiji, alisema, na sakafu haina kosa lolote. Kosa liko kwa huyo binti.

Wengine walisema ni vita. Vita ilikuwa jibu la kila kitu miaka ile: mkate kuwa mdogo, vita, mchumba kutoroka, vita. Lakini Asiya alimjua Candide tangu walipokaa dawati moja shule ya msingi, yeye akivuka daraja la Ntahangwa kila asubuhi kutoka Buyenzi, na alijua kwamba huzuni ya rafiki yake ilikuwa na umri mkubwa kuliko vita. Ilianza wakiwa wasichana, ikawa inakuja na kuondoka kama shangazi mwenye ufunguo wake mwenyewe. Na vita ilipoanza kweli, mji mzima ukiwa chini ya vitanda, Candide ndiye aliyetembea wima akiwapikia watu chai. Alikuwa amengoja baya kwa miaka mingi. Lilipofika lilimkuta amekwisha kuvaa viatu.

Shida ilikuwa moja: Candide hakuwa amefiwa. Wazazi wake walikuwa wazima wa afya huko Ulaya, mjini Liège, pamoja na kaka yake, wakipiga simu kila Jumapili kulalamikia baridi. Yeye alibaki kutunza nyumba, yaani hakuwa na nguvu ya kufunga sanduku. Hakuna mtu wake aliyekufa, hata binamu. Katika kartiye ambayo kila sebule ilikuwa na picha yenye utepe mweusi, jambo hilo lilikaribia kuwa ufidhuli.

"Mi nimezika watatu," alisema mama Léocadie, jirani wa ng'ambo ya ua, "na mu soko niko kila siku. Huyu yeye analilia nini?"

Hakusema kwa ubaya. Mama Léocadie ndiye aliyesimamia misiba yote ya kartiye. Bila yeye hakuna turubai lililofungwa wala sufuria iliyochemka. Mume na wanawe wawili aliwazika mwenyewe, na alijua kazi ya msiba ilivyo. Kilichomshinda ni msiba usio na maiti.

Candide akaendelea kuzama. Kumtoa haikuwa kazi ngumu, ilihitaji watu wawili tu, mmoja kila kwapa. Akishatolewa alishukuru kwa adabu, akaoga, akala vijiko viwili vitatu, akaketi, na sakafu ikampokea tena. Asiya peke yake hakumweza. Alijaribu, akapata maumivu ya kiuno. Hamimu, mumewe, angesaidia, lakini Hamimu alikuwa Kigoma akingoja embargo iishe, pamoja na mwanamke wa huko aliyekuwa akimsaidia kungoja. Kwa hiyo kila asubuhi Asiya alisimama mlangoni kwa Candide akitafuta mpita njia mwenye mikono, na kila mpita njia aliuliza kwanza nani amekufa. Akisikia hakuna, alikumbuka ana haraka.

Daktari wa vichwa alikuwa mmoja mjini, naye alikuwa amekwenda Ulaya kwa semina ya wiki mbili, mwaka uliopita. Padri alikuja, akamwambia Candide amshukuru Mungu kwa kuwa hai, na wakati wa sala Candide akashuka kidole kizima. Asiya naye akaleta maji ya kisomo kutoka msikiti wa Buyenzi. Candide akayanywa yote, akasema yana ladha nzuri kuliko ya bomba, na hapo mambo ya dini yakaishia.

"Nenda nyumbani, sha," alikuwa akimwambia Asiya. "Una kazi zako. Mi hapa sipotei, unajua pa kunipata."

Asiya alicheka, kisha njiani, karibu na daraja, akalia. Aliogopa. Sakafu ilikuwa imefika magotini, na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Aliogopa asubuhi atakayofika akakuta sebule tupu, na sementi imelala vizuri, safi kabisa.

Kazini walimtaka Candide arudi au aache nafasi. Ofisi ilikuwa Rohero, katika ministère moja ya serikali, ghorofa ya pili, na Asiya akaenda kumwombea ruhusa kwa mkuu wake, bwana mmoja mpole aliyeitwa Régis. Asiya alivaa kitenge chake kizuri na kuketi kwenye ncha ya kiti.

"Candide iko wapi?" Régis aliuliza.

"Ku nyumba, chef. Amezama."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ku magoti. Leo asubui imepita kidogo."

Régis akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Yoo. Na nani amekufa?"

"Apana mutu. Ni huzuni tu."

"Huzuni tu," Régis alirudia. "Mama, mi kaka yangu walimuua ku barrière, pale njiani. Tulimuzika, na kesho yake nilikuwa hapa, mu hii kiti. Sasa nikimupa mutu congé ya huzuni tu, ministère itabaki na nani? Hata planton wa kubeba faili atazama. Congé iko ya mufiwa. Kama hajafiwa, sina namna."

Kupitia mlango uliokuwa wazi Asiya aliona msichana mgeni amekaa kwenye kiti cha Candide, akijaribu kama kinazunguka. Kilizunguka.

"Ni mujomba yake," Asiya alisema.

"Mujomba gani?"

"Melchior. Wa kule juu, Muramvya." Jina alilitoa wapi, hajui mpaka leo. "Waliotuma habari walitaka tunyamaze kwanza."

"Ah! Si ungesema mbele?" Régis alisimama, akampa mikono yote miwili. "Pole sana, mama. Poleni sana. Kesho tunakuja."

Asiya alimwomba Mungu msamaha katika sala ya adhuhuri, na tena katika sala ya alasiri kwa sababu ile ya kwanza aliisali haraka. Hakuwa na wasiwasi wa kukamatwa. Barabara ya juu ilikuwa imekatika, simu ya huko haikuita, na miaka ile hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Lilikuwa swali la mtu asiyelelewa.

Kufikia jioni mama Léocadie alikuwa ameshafunga turubai. "Munaficha mufu ndani ya nyumba, munaacha mutoto azame peke yake!" alimfokea Asiya. "We ni rafiki gani?" Alipanga viti, akawasha moto, akatuma watu wa maji, akamshika Candide kwapa moja na kumwonyesha Asiya kwapa la pili. Candide alitoka kwa mvuto mmoja.

Walikuja wote. Walikuja wa ministère na wa kwaya, majirani wa kartiye ya nne na ya sita, hata wanawake wa Buyenzi wakiwa na sinia za maandazi. Waliketi kimya kama inavyotakiwa, wakampa Candide mkono wa pole, na kila aliyeshika mkono huo alimvuta juu kidogo bila kujua. Hakuna aliyemwambia amshukuru Mungu kwa kuwa hai. Alipokaa bila kusema, walisema amepatwa kweli. Aliposhindwa kula walimbembeleza kwa kijiko. Alipokosa kuoga walichemsha maji. Mambo yale yale aliyokuwa akiyafanya kwa miaka, sasa yalikuwa na heshima.

"Sha, ni muzuri kuwa na mufu," alimnong'oneza Asiya. "Wakiniuliza kwa nini ninalia, nasema Melchior, na wanakubali."

"Ulimupenda sana?"

"Sana. Alikuwa na kikohozi."

Na hakuwa peke yake. Mzee Jovithe alikumbuka kwamba Melchior alicheza mpira, winga ya kushoto, na hakupenda kupasia wenzake. Mwanamke mmoja wa kwaya, Pascaline, alilia kupita kiasi kinachoruhusiwa kwa mtu asiye ndugu, na wenzake wakatazamana, wakaelewa, wakamletea maji. Asiya alisikiliza hayo yote akiwa na birika mkononi. Hakumsahihisha mtu.

Wiki zikapita hivyo. Sakafu ikarudi vifundoni, ikarudi nyayoni. Siku moja Candide alivaa viatu, akaenda mwenyewe sokoni kununua dagaa, akarudi analalamika bei, na Asiya akaingia jikoni akafunga mlango ili afurahi bila kuonekana. Alikuwa hajamsikia Candide akilalamika jambo la kawaida kwa muda mrefu sana.

Ndipo mama Léocadie akatangaza siku ya kuondoa matanga.

"Bado mapema," Asiya alisema. "Zamani si walikuwa wanangoja mwaka muzima?"

"Zamani mufiwa alijua atafika ku mwisho wa mwaka. Sasa hivi tunaondoa haraka, tusije kuacha matanga ya mutu ikiangaisha wengine. Na huyu mutoto amepona, si unamuona? Anatembea."

Asiya alimwona. Ukweli ungemsaidia, lakini ukweli ulikuwa umevaa nguo za Melchior na kuketi chini ya turubai, na kuuvua mbele ya watu wote hao hakuthubutu.

Shughuli ilifanyika Jumamosi mchana, ili watu wawahi nyumbani kabla ya couvre-feu ya usiku. Kulikuwa na makasha ya bia, fanta kwa wa Buyenzi, mishikaki, ndizi za kuchoma, na hotuba. Régis alitoa hotuba kwa niaba ya ministère. Jovithe alitoa hotuba kwa niaba ya winga ya kushoto. Alikuwa bado hajamaliza pale Melchior alipoingia uani.

Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa koti la kahawia, viatu vimejaa vumbi la njia ya milimani. Alikohoa mlangoni kama mtu anavyobisha hodi. Mama Léocadie alimtazama toka juu hadi chini, akasema kwamba kwenye matanga mtu huja mapema, hasa yakiwa yako, akamwonyesha kiti upande wa familia. Pascaline alirekebisha kilemba. Wengine walisogea kidogo ili apate kivuli. Walichonung'unikia ni kwamba alichukua chupa ya pili kabla ya wengine kupata ya kwanza.

Mwishoni walimwomba neno, maana alikuwa na haki. Melchior alisimama, chupa mkononi.

"Wandugu, merci," alisema. "Mumenililia muzuri. Njiani nimepita wafu wengi sana, wa kweli, ambao hakuna mutu alipata nafasi ya kukaa nao hata siku moja. Waliniuliza mi nina nini kuwapita. Sikuwa na la kujibu. Bon. Nimeshiba, nimeridhika. Matanga imeisha, murudi kwenu."

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote.

Asiya akamwahi nyuma ya nyumba, alipokuwa akinawa mikono kwenye pipa.

"Ongeza hata miezi sita," alimwambia. "Nakuomba. Bado hajapona."

"Mama, mi si fonctionnaire wa ministère, sina prolongation. Mufu anaondolewa mara moja."

"We haukuwa hata mufu! Haukuwa chochote!"

"Na nilikuwa muzuri tu," Melchior alisema, bila hasira. "Ni we uliniita. Sasa niambie: angekuwa analia peke yake, bila mi, hawa wangekuja?"

"Apana."

"Basi usinikasirikie mi."

Alipangusa mikono kwenye koti, akaondoka kwa miguu, mwendo wa haraka. Couvre-feu ilikuwa karibu, na askari wa barrière hawakuwa na subira na mtu asiye na kitambulisho.

Wageni waliaga mmoja mmoja. Kila mmoja alimshika Candide bega na kumwambia sasa basi, maisha yanaendelea, na mikono iliyokuwa ikimvuta juu wiki zote hizo sasa ilikuwa ikimkandamiza, ingawa kwa upole. Turubai likafunguliwa. Kabla jua halijatua Candide alikuwa amefika nusu ya muundi.

Hapo Asiya akaelewa alichokifanya, na kikamuuma. Alikuwa amempa rafiki yake ruhusa ya kuhuzunika, na ruhusa ina mwisho. Zamani watu walimwona Candide mvivu tu wa kuishi. Sasa walimwona mtu aliyeliliwa, akalishwa, akaondolewa matanga mbele ya watu, kisha akakataa kufuta machozi. Régis alimpa yule msichana kiti moja kwa moja, kwa masikitiko. Jovithe alipita bila kugeuka. Asiya alikwenda kwa mama Léocadie na kumwomba mikono yake, kila asubuhi tu, kwa dakika chache.

"Tulishaondoa," mama Léocadie alisema. "Ukirudi kukaa ku matanga yenye imeondolewa, unaita kifo ingine. We si unajua?"

"Mama, kwani ni lazima mutu afe ndio mumushike mwenzenu mukono?" Asiya alipaza sauti mpaka mbuzi wa jirani akageuka. "Yeye iko hai! Muje kwa sababu iko hai!"

Mama Léocadie alimtazama kwa wasiwasi, kama mtu anayeangalia paa akifikiria mvua. "Pumuzika, mutoto wangu," alisema. "Hata we umechoka."

Asiya hakupumzika. Aliendelea kuvuka daraja kila siku, risasi zikilia milimani au zisilie. Sakafu ilifika kiunoni, ikafika mbavuni. Alileta beseni na kumwosha Candide pale pale alipo, sehemu zilizobaki juu, na kwa sehemu zilizo chini walikubaliana kwamba sementi inajua kazi yake. Alimletea umbea wa Buyenzi. Alimwambia kwamba mwanamke wa Kigoma amemchoka Hamimu na sasa Hamimu anauliza kama embargo imeisha. Siku nyingine Candide alicheka. Siku nyingine hakusema neno kutwa nzima, na Asiya alikaa tu, akapepeta mchele wake, akaenda zake, akamwambia kesho.

Wakati mwingine alichukia. Alimchukia Candide kwa uzito wake, akajichukia kwa kumchukia, kisha akachoka na chuki zote mbili akapika uji.

Alasiri moja alimkuta Candide amefikiwa kwapani, mikono imelala sakafuni kila upande. Candide alimwomba Asiya msamaha kwa kumpotezea miaka, na Asiya alijaribu kumjibu kwa mzaha, akaishia kulia kwa sauti, kilio kile cha mdomo wazi ambacho watu hukitambua kupitia ukuta. Haikuchukua muda. Mama Léocadie akatokea mlangoni, khanga imefungwa vizuri, sufuria ya maharage mikononi, bado inatoa mvuke.

"Yoo, watoto wangu," alisema. "Nani amekufa?"

Asiya alifuta pua. Alikuwa na jina tayari. Gélase, mjomba mdogo, wa Bururi. Lilikuwa ulimini pale pale, limeshavaa koti. Jina moja tu, na mikono ya mama Léocadie ingeshuka chini ya kwapa lile la pili, na Candide angetoka kwa mvuto mmoja, akae juu wiki kadhaa, mpaka siku ya turubai kufunguliwa. Alimtazama Candide. Candide alikuwa ameshalisoma jina usoni mwake.

"Apana mutu, mama," Candide alisema kutoka chini. "Hakuna mutu amekufa. Ni mi tu."

Mama Léocadie alishusha pumzi. Uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, maana alikuwa amechoka kuzika. "Imana ishimwe," alisema, akimsifu Mungu. "Mulinitisha." Alisimama kidogo akiwatazama, mmoja juu na mmoja chini, akawatakia jioni njema, akageuka na sufuria yake, akaondoka akiangalia asimwage.

Harufu ya maharage ilibaki mlangoni.

"Aliweka majani ya lengalenga," Candide alisema.

"Na mawese."

"Ungenizuia hata atue sufuria, ndio niseme."

"Si ni we ulisema!"

Wakacheka, Candide kwa shida kidogo, kwa kuwa sementi ilikuwa imembana kifua. Kisha Asiya akalala kifudifudi sakafuni ili nyuso zao zilingane, akanyoosha mkono, na Candide akampa wake. Asiya akavuta. Candide hakusogea. Asiya akapumua, akajiweka sawa, akavuta tena.